Kuanzia Hapa Hadi Hapa

Leo nimepatikana. Nawaandikia mapema kabla video haijawafikia, maana itafika. Kuna binti mmoja kule Ziwani alikuwa ameinua simu muda wote, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Kwa hiyo isikieni kwangu kwanza. Mkimwona mwanaume mzima amevaa hedifoni, amefumba macho, anatembea kwa madaha kuelekea makaburini, mjue ni mimi na mjue nilikuwa na sababu.

Wengi wenu mnanifahamu. Ndiye mimi fundi sauti wa Magomeni, hapa Mtwara mjini, mwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi. Narekodi kaswida, matangazo ya maduka, risala za harusi na vilio vya wasanii chipukizi. Mnanifahamu pia kwa ukali (nakubali). Mteja akiniletea wimbo aliotumiwa kwenye simu, umepunguzwa na kupunguzwa mpaka umebaki mifupa, namrudisha alikotoka. Huwa namwambia, "Hii siyo sauti, ni maganda ya sauti. Kalete yenyewe." Wapo walioondoka wamenuna, na mmoja hadi leo hanisalimii. Wahenga walisema malipo ni hapa hapa duniani. Hawakusema kwamba yatalipwa mbele ya kitongoji kizima.

Kisa chenyewe kinaanzia kwa Babu yangu mzaa mama. Alifariki mwaka huu, Mungu amrehemu, akaacha shamba la mikorosho Ziwani na watoto wawili: Mama yangu, Bi Asha, ambaye anaishi kwangu mjini, na kaka yake, Mjomba Saidi, aliyebaki kule kijijini. Shamba aligawa mwenyewe mwaka jana akiwa hai. Tatizo ni kwamba aligawa kwa mdomo, akitembea, na mtu pekee aliyekuwa naye siku hiyo ni mimi.

Mama anasema sehemu yake inafika kisimani. Mjomba anasema inaishia kwenye kichuguu. Kati ya kichuguu na kisima ipo mikorosho ya zamani, ile inayozaa kuliko yote shambani, na msimu ndio huo unabisha hodi. Ndugu hawa walionyonya ziwa moja hawajasalimiana tangu siku ya hitima. Mama si mtu wa maneno mengi, ila kuna jioni alinishika mkono akaniuliza, "Wewe ulikuwepo. Baba alisimama wapi?"

Jamani, sikumbuki. Mimi nimekulia mjini, mikorosho yote kwangu inafanana. Halafu siku ile nilikuwa najaribu maiki mpya, mbili ndogo, kila sikio moja, na macho yangu yote yalikuwa kwenye kinasa sauti nikiangalia taa zisifike kwenye nyekundu. Babu anagawa urithi, mimi naangalia taa. Nilitaka kumpiga video akakataa. Alisema picha inamchukua mtu mzima mzima, sauti inachukua maneno tu, na maneno alikuwa nayo ya kutosha.

Ila Babu hakujua kwamba maiki zile hazichukui maneno tu. Zinasikia kama masikio yanavyosikia. Mtu akikuita kutoka kulia, sauti yake inafika sikio la kulia mapema kidogo na ina nguvu kidogo, la kushoto linapata baadaye. Kichwa kinapiga hesabu hiyo bila wewe kujua, ndiyo maana ukiitwa sokoni unageukia upande ule ule. Ukirekodi kwa namna hiyo, kisha ukasikiliza kwa hedifoni, hupati tu alichosema mtu. Unapata na mahali aliposimama.

Na pale shambani kuna sauti mbili ambazo hazihami. Upande mmoja kuna mashine ya kusaga, inadunda tangu asubuhi. Upande wa pili kuna madrasa, watoto wanasoma kwa sauti mpaka jua lipande. Njia inatoka nyumbani kwa Babu, inafika kwenye kichuguu, inakata kona kulia, inakwenda kisimani. Mtu akifika kichuguuni, mashine iko kulia kwake na watoto wako kushoto. Akishakata kona na kufika kisimani, mashine iko mbele yake na watoto wako mgongoni. Mtoto mdogo anaelewa. Nikamwambia Mama, "Usiwe na wasiwasi. Babu atasema mwenyewe alisimama wapi."

Mama aliliamini neno lile kuliko mimi niliyelisema. Alimwendea Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mchopa, akaomba kikao, na kikao kikapangwa leo asubuhi, saa ambayo mashine inasaga na madrasa inasoma.

(Najua mtauliza kwa nini sikuisikiliza kwanza. Nilijaribu, wiki ile ile ya msiba. Nikavaa hedifoni, Babu akapita ubavuni kwangu upande wa kushoto akiburuta kandambili zake, nikageuka kumwangalia. Hapakuwa na mtu. Nikazima, na sikuthubutu tena.)

Basi leo asubuhi mimi na Mama tukachukua bajaji hadi Ziwani. Mama amevaa kanga mpya, ya kwanza tangu msiba. Tunafika, watu wameshakaa kwenye mikeka uani kwa Babu: Mwenyekiti, wazee wa kitongoji, majirani, na Mjomba Saidi upande wa pili anachokonoa meno. Nimepita katikati yao kama daktari aliyeitwa kutoka Dar es Salaam. Nikaketi, nikafungua begi. Hedifoni ipo. Waya upo. Betri za akiba zipo. Kinasa sauti hakipo. Nilikuwa nimebeba kila kitu isipokuwa Babu.

Nikasogea pembeni nikampigia mke wangu, Zainabu, aliyekuwa nyumbani.

"Zainabu, fungua kompyuta. Faili la Babu liko pale mwanzo kabisa. Nitumie kwenye simu sasa hivi."

"Hili? Mbona kubwa hivi? Limegoma. Bando halitoshi."

"Lipunguze. Kuna ile programu ya kupunguza."

"Inaniuliza, kubwa, ya kati, au ndogo kabisa."

Nikageuka. Wazee wote walikuwa wananitazama. Mwenyekiti aliangalia saa yake, akaangalia jua, akaniangalia mimi.

"Ndogo kabisa."

Zainabu akairudia, "Ndogo kabisa?" Yule ni mke wa fundi sauti, sheria za nyumba anazijua.

"Una uhakika?"

"Zainabu, sauti ni sauti. Tuma."

Rudini msome hayo maneno. Ni ya kwangu. Angekuja mteja akayasema mlangoni kwangu, ningemtoa na kiti alichokalia.

Sasa niwaambie hizo programu zinafanya nini, maana mnazitumia kila siku. Zinapita kwenye sauti zikitafuta kile ambacho zinadhani sikio lako halitagundua kimetoka: kitu kidogo kilichojificha nyuma ya kikubwa, mwangwi, mvumo wa mbali. Zinakitupa. Ukiziambia "ndogo kabisa" hazina tena aibu, zinachukua kushoto na kulia zinavikoroga pamoja. Maneno yanabaki, tena yanasikika vizuri tu. Kinachoondoka ni mahali.

Faili likaingia. Nikavaa hedifoni mbele ya watu, nikabonyeza. Babu akaanza kuongea katikati ya kichwa changu. Hakuwa kushoto wala kulia. Alikuwa ndani, nyuma ya pua. Mashine ya kusaga, ndani. Watoto wa madrasa, ndani, tena wamekuwa kama wanasoma Kurani ndani ya pipa la maji. Nikageuza hedifoni, ya kulia nikaiweka kushoto. Katikati. Nikaigonga kidogo kwa kidole. Katikati.

Mtu mwenye akili zake angesema, "Samahani wazee wangu, faili limeharibika, tuahirishe." Nilifungua mdomo kulisema hilo hilo. Halafu nikamwona Mama. Alikuwa amekaa mbele kabisa, mikono mapajani, ananiangalia kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe. Nikaona aibu. Nikasema, "Iko vizuri kabisa."

Kisha, kwa kuwa shetani akikupata hakuachii njiani, nikaongeza hotuba. Nikawaambia mtu akitaka kusikia mahali, lazima afumbe macho, kwa sababu macho yanadanganya.

"Ukifumba macho njia utaionaje, mjomba?" Mjomba Saidi akauliza.

"Nitaisikia."

Mzee mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti akainua mkono. "Mwacheni. Kila mtu na kazi yake."

Mpango wangu ulikuwa huu. Babu kwenye rekodi anatoka mlangoni, anasema, "Kuanzia hapa," anatembea, anafika mahali anasema, "hadi hapa." Mimi natoka mlangoni naye, natembea naye, na pale atakaposema "hadi hapa," nasimama. Mashine na watoto wangenithibitishia. Kwenye rekodi mashine ilikuwa katikati ya kichwa, na kitu kilicho katikati, nikajiambia, maana yake kiko mbele. Kwa hiyo niifuate mashine. (Msinicheke bado. Mtajua pa kuchekea.)

Kosa la kwanza hilo. La pili ni kwamba Babu alikuwa mzee anayetembea kizee. Siku ile ya rekodi alisimama kukohoa. Akasimama kumtukana mbuzi. Akasimama kuondoa tawi lililoanguka njiani, akalilaumu tawi. Mimi nina miguu mirefu, nimefumba macho, na nina aibu ya kuikimbia.

Yaliyotokea njiani sikuyaona wala sikuyasikia. Nimesimuliwa baadaye na Bi Somoe, jirani yetu wa siku nyingi, ambaye alifurahi kusimulia.

Anasema nilianza vizuri. Njia ile imekanyagwa miaka, unyayo wenyewe unaijua. Watu walinifuata nyuma kimya kimya kama wanasindikiza posa. Nilipofika kwenye kichuguu, Mjomba Saidi alishusha pumzi na kutabasamu, maana ndipo aliposema yeye. Lakini Babu kwenye masikio yangu alikuwa ndiyo kwanza anakohoa. Nikakata kona, nikaendelea.

Mjomba akaacha kutabasamu.

Nilipokaribia kisima, Mama alianza kulia kwa furaha. Bi Somoe anasema alimshika bega akamwambia, "Umeona, Asha." "Mwanangu amefika," Mama akasema. "Atasimama sasa." Lakini Babu alikuwa kwa mbuzi. Nikapita kisima.

Hapo watu wakaanza kunong'ona. Nilikuwa nimeshaingia kwenye eneo ambalo halijawahi kugombewa, la Mjomba kabisa, na sisimami. "Kumbe Bi Asha kapewa shamba lote," mmoja akasema. Mwingine akasema basi Saidi kabakiziwa njia. Mjomba alikuwa anatembea nyuma yangu amefunga mikono mgongoni, na Bi Somoe anasema sura yake ilikuwa ya mtu anayesomewa hukumu mara ya pili.

Mama ndiye aliyeona kwanza ninakokwenda. Akaniita. Akaniita tena kwa jina langu la utotoni, jina ambalo sitaliandika hapa. Sikusikia. Nilikuwa nimevaa hedifoni nzuri, zile zinazoziba kelele zote za nje. (Nilizinunua kwa sababu hiyo.) Bi Somoe alitaka kuja kunishika, watu wakamzuia. Walidhani marehemu ananiongoza. "Ntoto huyu kashikwa mkono na babu yake," mzee mmoja akasema, "ntu asimguse."

Mimi nilikuwa raha mstarehe. Mashine sasa niliihisi hata nje ya hedifoni, mbele yangu, inadunda mpaka kifuani. Nikajua nimepatia. Udongo chini ya mguu ukawa laini. Na sekunde hiyo hiyo Babu, katikati ya kichwa changu, akasema kwa sauti safi, "Hadi hapa. Hapa ndipo mwisho."

Nikasimama. Nikakanyaga kwa nguvu ili ibaki alama. Nikatandaza mikono yote miwili, nikapaza sauti, "Hapa!"

Nikafumbua macho.

Mguu wangu wa kulia ulikuwa umezama kwenye mchanga hadi kifundoni. Mbele ya vidole vyangu kulikuwa na kibao, na kwenye kibao kulikuwa na jina la Babu. Nilikuwa nimesimama juu yake. Familia yetu inazika pale, kati ya shamba na mashine, na nilikuwa nimefuata mashine.

Nikavua hedifoni. Mashine ilidunda mbele yangu, watoto wa madrasa walisoma nyuma kwa mbali. Mjomba Saidi alikuja mpaka ukingoni mwa kaburi. Hakufoka. Laiti angefoka.

"Mjomba," akasema, "shuka juu ya baba yangu."

Nikaruka nyuma haraka, nikamkanyaga Bibi.

Nikaruka tena kumtoka Bibi, na waya wa hedifoni ukawa umenasa kwenye kibao, nikaondoka nacho. Kwenye video hapo mtaniona nimeshika kibao cha Babu mkononi, nazungukazunguka kama mtu aliyeokota mzigo wa watu na hajui aukabidhi kwa nani. Mama alikuwa amejifunika uso wote kwa ile kanga mpya.

Bi Somoe ndiye aliyeanza. "Kaenda kumuuliza mwenyewe," akasema. "Si angefanya hivyo tangu mwanzo, asitutembeze."

Mwenyekiti akaja, akanitazama miguu, akanitazama kibao.

"Sasa fundi. Huo ndio mpaka?"

"Hapana, Mwenyekiti. Faili limepunguzwa."

"Limepunguzwa nini?"

"Kushoto na kulia."

"Kimebaki nini?"

"Katikati."

Mwenyekiti akafikiri. Ni mtu mpole sana, na upole wake ndio uliniua. "Mwanangu," akasema, "sisi wote hapa tulikuja kwa ajili ya kushoto na kulia."

Kikao kikaishia makaburini, tukiwa tumesimama. Mwenyekiti akasema mikorosho ile ya katikati isiguswe na mtu, si ya Asha wala ya Saidi, mpaka wenyewe wapatane, hata korosho zikianguka zioze chini. Mama aliitikia kwa kichwa. Aliitikia haraka mno, kama mtu anayetaka tu aondoke machoni mwa watu, na mimi ndiye niliyemleta machoni mwa watu.

Nilibaki kulitengeneza kaburi. Nilipiga magoti nikaanza kusawazisha mchanga kwa mikono. Baada ya muda Mjomba Saidi akapiga magoti upande wa pili, akawa anasawazisha naye. Tukakirudisha kibao. Alikishindilia kwa kiganja, akakiangalia kama kimenyooka, akakishindilia tena.

"Unajua," akasema, "nilikaa naye mpaka siku ya mwisho. Nilimwogesha mimi. Maneno hayo ya shamba hakuniambia hata mara moja. Alikusubiri wewe uje na mashine yako."

Nilikuwa nimeyabeba maneno ya baba yake kwa mwaka mzima, na leo nimeyaleta hivyo. Nikamwambia, "Nisamehe, mjomba." Akajipangusa magoti, akaenda zake.

Kwenye bajaji Mama aliangalia nje hadi Magomeni. Zainabu alituona mlangoni, akaiona sura yangu, akaenda kuchemsha chai bila kuuliza. Mimi nikaingia moja kwa moja chumba cha trei za mayai. Faili lenyewe, lile kubwa, lilikuwa pale pale kwenye kompyuta, zima, halijaguswa. Nikachukua hedifoni. Nikawa naogopa kuzivaa.

"Nipe mimi," Mama akasema nyuma yangu.

Mama hajawahi kuvaa hedifoni maisha yake. Nilimkalisha kwenye kigoda cha wasanii, nikampanga, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia. (Niliangalia, nikaangalia tena. Leo siamini mkono wangu.) Nikabonyeza.

Mwanzo alikaa tu, macho wazi, anaangalia ukuta. Halafu akageuza kichwa, kushoto, taratibu. Nikajua Babu ameanza kuja. Mama akakusanya kanga yake, akavuta magoti, akakisogeza kigoda upande. Sikuelewa anafanya nini mpaka alipoinamisha kichwa kidogo, vile binti anavyoinamisha mbele ya baba. Alikuwa anampisha.

Nikageuka nikaangalia taa za mitambo yangu. Safari hii nilikuwa na sababu.

Alisikiliza hadi mwisho. Alivua hedifoni kwa mikono miwili akaziweka mapajani.

"Yuko kichuguuni," akasema.

"Mama, labda usikilize tena, inawezekana..."

"Nimezaliwa pale. Mashine iko huku, watoto wako huku." Alinionyesha kwa mikono, kulia na kushoto. "Hajakata kona. Kaka yangu alisema kweli."

Yaani nimemkanyaga Babu bure. Hata ningepatia, ningekuwa nimeenda kuthibitisha kwamba Mama hana haki. Nilidhani atalia kwa ajili ya ile mikorosho, na alilia kweli, ila akasema, "Rudisha pale anapopita."

Nikarudisha. Akasogea tena. Nikarudisha, akasogea. Chai ya Zainabu ilipoa mezani. Mwishowe Mama akajifuta uso akaniambia nimpigie mjomba wangu.

Simu iliita sana kabla hajapokea.

"Umemkanyaga nani tena?" Mjomba akasema.

"Hakuna, mjomba. Mama yuko hapa. Anasema ulisema kweli, ni kichuguuni. Anasema uje umsikie Babu. Ukivaa hizi hedifoni, anapita kando yako kabisa."

Nilisikia kuku wake, na mashine ya kusaga kwa mbali.

"Si unitumie tu kwenye simu?"

Mama alikuwa amesikia. Alinyoosha mkono akaichukua simu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuongea na kaka yake tangu hitima.

"Njoo mwenyewe, kaka," akamwambia. "Baba hapunguzwi."

Mjomba yuko njiani. Zainabu anakatakata kisamvu. Video ikiwafikia, naomba msicheke. Mkishindwa kabisa, chekeni kwa sauti, nijue mnacheka kutoka upande gani.